Kwa Mujibu wa Kifungu

Nimetunga maswali ya ufahamu kwa miaka mingi, na hakuna maneno niliyoyaandika mara nyingi kuliko haya: kwa mujibu wa kifungu. Mtahiniwa anayaelewa vizuri. Anaambiwa asilete ya nyumbani kwao. Jibu limo humu kwenye aya, alitafute. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili hutenga alama 15 kwa ufahamu na 15 nyingine kwa ufupisho, na zote 30 zimesimama juu ya imani moja, kwamba maana iko ndani ya karatasi na kazi ya msomaji ni kuitoa.

Imani hiyo siku hizi ninayo nusu. Aliyeniondolea nusu nyingine ni bibi mmoja wa kubuni, na kikapu chake cha pweza.

Kifungu chenyewe aliniandikia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha walimu, mzaliwa wa Msambweni, kule Kwale. Ni kifupi. Jioni bibi anatoka uani, anautazama mwezi mpevu ukichomoza baharini, anatabasamu, anawaambia wajukuu walale mapema. Kesho yake, jua likiwa limepanda, bahari imekupwa hadi mwambani na ngalawa zimelala ubavu mchangani. Bibi anawaongoza wajukuu kwa miguu kwenda kuchokoa pweza mahali ambapo jioni ya jana palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima. Mjukuu mdogo anaogopa, bibi anacheka. Wanarudi na kikapu kizito kabla ya adhuhuri, na nyuma yao maji yanaanza kurudi. Swali la tatu liliuliza: Kwa nini bibi hakuogopa?

Nilikifundisha kwanza Nakuru, katika shule isiyo mbali na Mwariki. Anayeijua Nakuru anajua yaliyoipata sehemu ile. Ziwa lilipanda mwaka baada ya mwaka, likaufunika uzio wa mbuga, likaingia mashambani kisha majumbani, watu wakahama na kuacha mabati yakichungulia juu ya maji. Wanafunzi wangu kadhaa walikuwa watoto wa nyumba hizo. Wakalijibu swali la tatu bila kusitasita. Bibi hakuogopa kwa sababu maji yalikuwa yamemrudishia shamba lake. Bibi alikwenda kutazama mipaka. Mmoja, msichana makini ambaye hata daftari lake lilikuwa na jalada la plastiki, alitaka kujua mbona mwandishi hakusema kama chifu aliitwa kupima ploti upya.

Hakuna aliyekuwa mvivu hapo. Neno kupwa walilijua. Tulikuwa tumelifanyia zoezi, na kamusi waliifungua wenyewe. Walichokosa ni jambo lenyewe: bahari inayoondoka na kurudi mara mbili kila siku, kwa zamu za takriban saa sita, ikichelewa kiasi cha dakika 50 kila kukicha, na watu wa huko wasione ajabu yoyote. Kwa mtoto wa Mwariki maji hayana ratiba. Yakija yamekuja. Yakiondoka, hiyo ni habari ya kuwapigia simu jamaa walio Molo.

Mwanzoni mwa 2021 nikahamishiwa Kisumu, shule ya karibu na Dunga, na kifungu nikaenda nacho. Hawa walikuwa watoto wa wavuvi. Wanajua nyavu, wanajua kasia, wanajua upepo unaobadilika alasiri na kuwakimbiza watu ufuoni. Ila Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, halipwi wala halijai kwa kiasi ambacho jicho linaweza kuona. Linabadilika kwa misimu na kwa miaka. Mwaka 2020 lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa, likakipita hata kile cha 1964, na pale Dunga maji yakakaa majumbani miezi na miezi. Kwa hiyo nao walikuwa na lao la kusema kuhusu maji yanayoondoka.

Hata hivyo si maji yaliyonifanya niketi majilisini na karatasi zao hadi jioni. Ni mwezi.

Kule Nakuru mstari wa mwezi haukumshughulisha mtu. Waliupita kama wanavyopita sentensi zote za kwanza za hadithi: jua lilikuwa likichwea, ndege wakiimba, mwezi uking'aa. Mapambo. Dunga, karibu darasa zima liliushika mstari huo na kuukalia. Waliandika kwamba bibi alikuwa na huzuni. Kwamba alitabasamu ili wajukuu wasitambue. Kwamba aliwaambia walale mapema kwa sababu hapakuwa na chakula cha jioni. Pweza wa kesho yake, kwa maoni yao, walikuwa bahati aliyoileta Mungu baada ya usiku wa njaa, na ndiyo maana bibi alicheka.

Nilimwita mvulana mmoja anieleze. Alikuwa msomaji wa polepole sana, wa kufuata mstari kwa kidole katika umri ambao wenzake walikwisha kuacha, na hakuzoea kuitwa kutoa maelezo. Akanitazama kwa mshangao kwamba mtu mzima anaishi Kisumu na halijui jambo hili.

"Mwalimu, mwezi ukiwa mkubwa omena hawavuliwi."

Akaendelea. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Taa huwekwa majini, omena wakaifuata nuru, wakazungushiwa wavu. Usiku wa giza kazi ni nzuri. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina nuru, taa haina tena cha kuwaitia samaki, na mashua zinapumzika. Siku hizo baba yuko nyumbani, mama hana cha kuanika wala cha kuuza, na dukani wanakopa. Mtoto wa Dunga akisoma kwamba mwezi mpevu umechomoza, bibi ametabasamu na watoto wamelazwa mapema, hasomi vitu vitatu. Anasoma kitu kimoja anachokijua tangu utotoni.

Sasa mwulize mtoto wa Msambweni. Kwake mwezi mpevu ni bamvua. Jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini kwenye pwani ya Kenya hupita mita 3. Katika siku za bamvua mwamba unabaki wazi asubuhi, jua likiwa limepanda, na pweza wanafikiwa kwa miguu. Bibi anautazama mwezi na kuona kikapu kimejaa. Anatabasamu kwa sababu amefurahi. Anawalaza watoto mapema kwa sababu kesho kuna kazi.

Mwandishi hakulisema hata moja kati ya hayo, na alikuwa na sababu: kwao kila mtu analijua.

Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja: Alijua maji yangerudi kwa wakati wake. Nikahesabu waliopata. Sitaji idadi, inatosha kusema wengi wao walikuwa wale waliojibu kwa kubahatisha. Waliosoma kwa makini zaidi, waliounganisha mstari na mstari, ndio waliokosa zaidi, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuunganishia.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie tena kwa kumbukumbu, mara nyingine baada ya muda mrefu. Alichapisha matokeo mwaka 1932. Mitumbwi ilikuwa imegeuka mashua za kawaida. Waliokwenda kuwinda sili sasa walikwenda kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo kiini cha hadithi ile, ilidondoka njiani au ikapewa maelezo ya kiakili ambayo Mwingereza angeyakubali. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alikuwa ameijenga hadithi kwa mpangilio wa maarifa aliokuwa nao tayari, ule ambao wataalamu huuita skima, na kilichokosa nafasi katika mpangilio huo hakikukaa.

Nilifanya udadisi wangu mdogo baada ya likizo ndefu. Niliwaambia watoto wa Dunga wanisimulie kisa cha bibi bila karatasi. Pweza wengi walikuwa wamekuwa mbuta, samaki wa ziwani. Mchanga ulikuwa umekuwa matope. Msichana mmoja aliongeza nyavu zilizotandazwa chini na omena wakikauka juu yake, na alipoulizwa aliapa kwamba alizisoma.

Kawaida ya walimu wengi, nami nimekaa nao majilisini vya kutosha kuijua, ni kuandika msamiati mgumu ubaoni kabla ya kifungu. Kupwa: maji ya bahari kupungua. Mwamba: jiwe kubwa. Pweza: mnyama wa baharini mwenye minyiri minane. Kisha someni. Mimi naona hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Maneno yote ya kifungu kile yangeweza kufafanuliwa na bibi angebaki mwenye njaa. Swali linalonisaidia siku hizi ni jingine kabisa: ni jambo gani ambalo mwandishi huyu hakulitaja kwa kuwa kwao halihitaji kutajwa? Nikilipata, ninajua la kuwapa wanafunzi kabla hawajaanza.

Rafiki yangu wa Msambweni alinitumia picha mbili kwa WhatsApp, ufuo uleule, mnazi uleule ulioinama, moja maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamekupwa, siku hiyohiyo moja. Nikazipitisha darasani kwa simu. Zogo lililotokea! Wengine walisema ni mahali pawili tofauti hadi wakahesabu makuti. Nikaeleza habari ya mwezi na jua, nikachora duara mbili ubaoni, duara zangu mbaya kama kawaida. Kisha tukarudi kwenye kifungu bila mimi kusema neno lolote juu ya bibi.

Msichana aliyekuwa akisoma kwa sauti alifika kwenye mstari wa mwezi, akanyamaza, akasema, "Kumbe alikuwa anaangalia saa."

Na kutoka nyuma: "Kumbe alitabasamu kweli."

Kifungu kilikuwa kilekile, chenye idadi ileile ya maneno.

Kisumu hiyohiyo nilikuwa nikisaidia darasa la ngumbaru jioni, akina mama wengi wao wachuuzi wa soko la Kibuye, wanaofika na pochi zimebana chenji na miguu imechoka. Kusoma kwao kulikuwa kwa polepole lakini kwa kusikiliza hakuna aliyewashinda. Nilikuwa nimesoma mahali habari za Laura Bohannan, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewasimulia wazee wa Wativ wa Nigeria kisa cha Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, na kuchapisha yaliyomkuta mwaka 1966. Alikwenda akiamini kwamba tamthilia kubwa ina maana moja kwa binadamu wote. Alipofika mahali ambapo mfalme amekufa na nduguye amemwoa mjane upesi, wazee wakasifu: ndivyo inavyotakiwa, la sivyo nani angemlimia shamba? Mzimu wa baba nao waliukataa, wakasema hiyo lazima iwe ishara iliyotumwa na mchawi. Mwishowe wakamwahidi kumfundisha maana halisi ya hadithi zake ili akirudi kwao wazee wake wajue hakukaa bure porini.

Nikataka kusikia Kibuye itasemaje. Nikawasimulia mwanzo wa kisa: mfalme amekufa, kabla miezi miwili haijaisha mdogo wake amemwoa shemeji, na kijana wa marehemu amekasirika. Msomaji anajua kwamba kwa Wajaluo mjane kurithiwa na shemeji, tero, ni desturi ya siku nyingi. Kwa hiyo nilisubiri jibu la wazee wa Wativ.

Hawakunipa. Mama mmoja, mjane, tuliyemwita Nyar Seme kwa kuwa ndiko alikozaliwa, aliuliza swali lisiloulizwa na Wativ wala na mwandishi mwenyewe: "Huyo mama aliulizwa?" Mwenzake akasema la muhimu ni kama mazishi na matanga yalikwisha sawasawa, maana shemeji mwenye haraka ana jambo. Kijana zaidi yao, mlokole, akasema tero yenyewe imepitwa na kanisa limeikataa, na kwamba kijana alikuwa na haki ya kukasirika hata kama ingekuwa baada ya mwaka. Wa nne, ambaye alikuwa akihesabu chenji muda wote, bila kuinua kichwa: "Nani alilipa gharama ya mazishi? Huyo ndiye anajua nani alimuua."

Walibishana hadi mlinzi akaja kufunga lango. Tangu siku ile, mtu akiniambia Wajaluo husoma hivi, au Waluhya husoma vile, humwuliza Mjaluo yupi, Mluhya yupi, wa mwaka gani, aliyefiwa au asiyefiwa. Akina mama wanne wa soko moja, lugha moja, desturi moja, walijenga visa vinne. Ujane, kanisa, umri na daftari la madeni vilikuwa na mkono humo sawa na kabila, pengine zaidi. Vitabu vya ualimu vinavyozungumzia utamaduni wa msomaji huwa vinauona kama sare ya shule. Mimi sijawahi kukutana na msomaji aliyeivaa.

Siku hizi nafundisha Kakamega, karibu na nyumbani, maana mimi ni wa Vihiga. Huku nimejifunza upande mwingine wa jambo hili: sentensi isiyo na uzito wowote kwa mwandishi inaweza kuwa ndiyo hadithi nzima kwa msomaji. Tulikuwa na kifungu kuhusu kijana wa mjini aliyelemewa na kodi ya nyumba. Katikati kulikuwa na sentensi ya kupitia tu: mama mkwe alifika kutoka mashambani, kijana akamkumbatia, wakaketi meza moja, wakala huku wakitazama habari. Aya inayofuata inarudi kwenye kodi.

Darasa lilishika pumzi. Niliwasikia. Kwa Waluhya wengi, hata leo, mkwe na mama mkwe wana umbali wao. Kumkumbatia hakupo, na kula naye meza moja ni jambo la kuketi na wazee. Nilipowapa ufupisho, maneno yasiyozidi 60, walionipa kodi peke yake walikuwa wachache. Wengi waliandika kumbatio. Wengine walilifanya kuwa chanzo: kijana alikosa kodi kwa sababu alivunja mwiko.

Hapo mwongozo wa kusahihisha unasema kumbatio ni maelezo ya ziada, ondoa. Lakini ufupisho ni nini kama si kuamua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo? Na ukubwa huo umeandikwa wapi? Mwaka 1979 Margaret Steffensen, Chitra Joag-Dev na Richard Anderson walichapisha utafiti ambapo Wamarekani na Wahindi walisoma barua mbili, moja ya harusi ya Kimarekani na nyingine ya Kihindi. Kila kundi lilisoma barua ya kwao kwa kasi zaidi na kukumbuka mengi zaidi, na katika barua ya wenzao liliongeza yasiyokuwemo. Bibi harusi wa Kimarekani alivaa gauni la bibi yake. Wamarekani waliona heshima na mapenzi ya familia, na msomaji wa Kihindi akaona gauni kuukuu lililopitwa na wakati. Nikiwasimulia walimu wenzangu habari hii hucheka. Nikiwaonyesha fupisho za mama mkwe hawacheki, wananiuliza tu watatoa alama ngapi.

Sitaki nieleweke kwamba kila jibu ni sahihi mradi limetoka moyoni. Nimeona madhara ya hilo pia. Mwape watoto kifungu chenye mama wa kambo na nusu yao hawasomi tena. Ngano zote walizosikia jikoni zinawaandikia majibu. Nilikuwa na kifungu ambamo mama wa kambo anauza cherehani yake ili mtoto asiye wake aende shule, na bado nikapata karatasi zilizosema aliiuza ili mtoto akose nguo. Hapo msomaji hajajenga maana, amehamishia humo nyumba iliyokwisha kujengwa. Louise Rosenblatt, Mmarekani aliyeandika kuhusu jambo hili tangu 1938, alishikilia kwamba usomaji ni shughuli ya pande mbili: msomaji analeta maisha yake, lakini maandishi nayo yana neno, yanaruhusu mengine na kukataza mengine. Mimi huwauliza wanafunzi swali moja lililo rahisi kuliko nadharia yake: mstari gani unakukatalia? Aliyesema cherehani iliuzwa kwa chuki anakutana na mstari usemao mama aliweka risiti ya karo chini ya mto wake. Akae nao. Aueleze. Akishindwa, abadilishe.

Na ona kwamba usomaji wa Dunga unaushinda mtihani huo karibu wote. Mwezi haukatai njaa. Tabasamu halikatai. Kulala mapema hakukatai. Kinachokataa ni ngalawa zilizolala ubavu na maji yanayorudi mwishoni, na hayo mawili hayawezi kumkatalia mtu asiyejua bahari. Kwa hiyo siwezi kuwaweka kwenye kapu moja na wale wa cherehani, ingawa kwenye orodha ya alama wote wana sufuri.

Nirudi kwa yule mvulana wa kidole. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha jaribio walilofanya Marekani na wanafunzi 64, baadhi wakisoma vizuri na baadhi kwa shida, baadhi wakiujua mchezo wa besiboli na baadhi hawaujui. Waliwapa kifungu kuhusu besiboli. Waliosoma kwa shida lakini wanaujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria yeye, nikaamua kuandika kifungu ambamo yeye angekuwa mwenyeji na sisi wengine wageni. Tuliketi naye nje ya darasa, akanirekebisha kila baada ya sentensi. Nilikuwa nimeandika kwamba wavuvi waliwasha taa wakiwa ufuoni. Akasema huwashi ufuoni, unawasha mkishafika. Nilikuwa nimempa mama mteja usiku wa mwezi mpevu. Akasema huyo mteja ametoka wapi.

Kifungu kikatoka kifupi. Mwezi ulikuwa mpevu kwa siku ya pili. Wanaume walilala nyumbani. Mama alifunga kibanda mapema, akapita dukani, akazungumza na mwenye duka kwa sauti ya chini. Swali: Mama alikwenda dukani kufanya nini?

Darasani alijibu kabla wenzake hawajamaliza kusoma, na kwa mara ya kwanza kidole kilikuwa mfukoni. Mwanafunzi wa kwanza darasani, binti wa karani aliyehamia kutoka Eldoret, aliandika kwamba mama alikwenda kununua vitu. Nikampa sufuri, akaja mezani kwangu kudai alama yake, na alikuwa na hoja: neno kukopa halimo humo. Nikamtuma kwa mvulana. Sijui walizungumza nini ila alirudi na kufuta.

Baadaye nilikituma kifungu hicho Msambweni, maana deni lilikuwa langu. Rafiki yangu akawapa wanafunzi wake, akaongeza swali la pili: Kwa nini wanaume walilala nyumbani? Majibu yakaja kwa picha za simu, karatasi juu ya karatasi. Wachache walijibu sawa na watoto wa Dunga. Wachache hao ni watoto ambao jamaa zao huvua dagaa kwa taa. Wengi waliandika kwamba wanaume walilala ili wawe na nguvu za kwenda mwambani kesho, kwa kuwa ni bamvua. Na mama je? Alikwenda dukani kununua uzi wa kuzibia kikapu.

Tukaanza kubishana kwa simu. Yeye alitaka kuwapa alama moja kati ya mbili. Mimi nilisema hapana, mbona mama azungumze kwa sauti ya chini kama ananunua uzi? Akasema kwao mtu akipata nafasi nzuri ya pweza haitangazi dukani. Nikasema kibanda kimefungwa mapema, biashara imelala. Akasema kibanda hufungwa mapema na mwenye safari ya asubuhi. Nikamwambia kwenye ziwa hakuna mwamba wa pweza. Akaniuliza ni mstari gani unaosema hapo ni ziwani, nikatafuta, na kweli haupo.

Tumekubaliana kukitumia tena muhula ujao, shule zake na zangu. Kwenye mwongozo tumeacha nafasi ya jibu wazi: kila msahihishaji aandike kwanza alivyoelewa yeye, na anatoka wapi, kabla hajafungua karatasi ya mtoto hata mmoja.